Juu ya Picha za Jamaa Tunazozitundika Ukutani

Mwezi wa Desemba ukikaribia, nyumba nyingi za mlimani hutengenezwa. Kuta hupakwa rangi, viti hutolewa uani, na picha za jamaa huteremshwa misumarini ili zipanguswe vumbi. Tangu Machame hata Rombo watu hungoja ndugu zao wanaokaa Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na mbali zaidi, warudi kwa Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bwana. Basi mwenye nyumba hushika nyundo, na picha zimelala juu ya meza, naye hana budi kukata shauri: ipi irudi ukutani, ipi iwe juu, ipi iwe chini, na ipi ifungiwe kabatini.

Wengine watasema kwamba jambo hili ni dogo, ni urembo wa chumba tu. Sisi twaona si dogo. Ukuta wa chumba cha wageni hunena hata watu wakinyamaza. Humwambia mgeni: hawa ndio sisi. Humwambia mtoto: hawa ndio watu wako. Na mtu asiyeonekana hapo, ukuta humtaja kwa kimya chake. Kwa hiyo twapenda kuuliza mwezi huu: mwenye ukuta ana haki gani juu ya sura za jamaa zake? Je, ana ruhusa kumwondoa yule aliyeleta aibu? Na wale ambao hawakupata kupigwa picha hata siku moja, je, ni halali wasahauliwe?

Kwanza tuondoe shaka moja. Wako ndugu waogopao kwamba kutundika sura ya mtu aliyekufa ni karibu na kuabudu sanamu. Jambo la namna hii liliusumbua mji wa Wittenberg mwaka 1522, watu walipoanza kuziharibu sanamu na picha makanisani. Martin Luther akatoka katika ngome ya Wartburg alimokuwa amefichwa, akarudi mjini, na mwezi wa Machi akahubiri siku nane mfululizo. Hakuzipigania zile picha. Walakini alifundisha kwamba kuwa nazo au kutokuwa nazo ni jambo la hiari, na kwamba kosa ni kuziabudu. Miaka mitano baadaye, mwaka 1527, mchoraji Lucas Cranach, rafiki yake, alizichora sura za wazazi wa Luther, Hans na Margarethe. Hans alikuwa mtu wa migodi ya shaba. Katika picha zile wazazi wote wawili ni wazee, nyuso zao zina makunyanzi na uchovu wa kazi, wala mchoraji hakuwarudisha ujanani. Basi kuweka sura ya baba na mama si jambo geni kwetu. Linalotupasa kupima ni matumizi yake.

Tena babu zetu wa mlimani walikuwa na njia yao ya kuwaweka wazee karibu, kabla kamera haijafika. Bruno Gutmann, mmisionari aliyefanya kazi miaka mingi Old Moshi, hata mwaka 1938, na Charles Dundas, mtu wa serikali ya Kiingereza aliyetoa kitabu chake juu ya Kilimanjaro mwaka 1924, wote wawili waliandika habari za desturi hizo. Mzee mwenye watoto alizikwa nyumbani pake, na baada ya muda mifupa yake ilifukuliwa, na fuvu lake likawekwa migombani, mahali palipopandwa masale. Hivyo kihamba hakikuwa shamba la ndizi na kahawa tu. Kilikuwa ndicho ukuta wa ukoo. Mtoto alipopita penye masale alijua ni nani aliyelala hapo.

Lakini tuangalie jambo moja katika desturi hiyo, maana litatufaa mbele. Heshima ile haikuwa ya watu wote. Mtu aliyekufa bila mtoto hakuhifadhiwa kwa namna ile, wala kijana. Ukumbusho ulikwenda kwa yule aliyeuongeza ukoo. Basi tusiseme kwamba zamani kila mtu alikumbukwa, na kwamba sisi ndio tulioanza kuchagua. Kuchagua kulikuwako tangu kale. Linalotuhusu sisi ni kujua kwamba twachagua, na kuuliza kama twachagua kwa haki.

Kamera ililetwa huku na wageni. Wamisionari wa Leipzig walipoanza kazi Machame mwaka 1893, baadhi yao walipiga picha za vijiji, shule, migomba, na theluji ya Kibo. Picha nyingi za namna hiyo zimehifadhiwa, na siku hizi mtu aweza kuzitazama kwa intaneti katika hazina ya picha za misheni ya Chuo Kikuu cha Southern California, kule Los Angeles. Ni hazina nzuri, nasi twashukuru. Walakini mtu wa mlimani akizitazama, moyo wake hupata uchungu kidogo. Maelezo ya picha mara nyingi hutaja mahali na kazi: wanafunzi, wachukuzi, wanawake wenye mizigo ya majani. Majina yao hayapo. Yule mama aliyesimama mbele ya kamera huenda alikuwa bibi wa bibi yako, nawe wamtazama usoni bila kumjua. Uso ulihifadhiwa, jina likapotea.

Na tunalo jambo zito zaidi la kutukumbusha thamani ya uso. Mangi Meli wa Moshi alinyongwa na Wadachi tarehe 2 Machi 1900, pamoja na viongozi wengine. Yasemwa kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na mjukuu wake alikitafuta kwa miaka mingi. Mwaka 2023 wataalamu wa Berlin walitangaza kwamba mafuvu 3 yaliyokuwa katika ghala zao yamepatana kwa damu na jamaa walio hai huku kwetu. Lile la Mangi Meli halikuonekana kati ya hayo. Ikiwa jamaa wanaweza kulitafuta fuvu la mzee wao hata baada ya zaidi ya miaka mia, sisi tunaowezaje kuiweka sura ya ndugu yetu chini ya magunia, kwa sababu tu tuligombana naye juu ya fedha za kahawa?

Turudi sasa katika nyumba zetu. Hapo mwanzo picha ilikuwa ya watu wachache. Pwani na Unguja watu walikuwa na maduka ya wapiga picha mapema. Kwa mfano Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930. Mlimani, aliyeweza kuteremka mjini, akavaa koti, akalipa fedha na kusimama mbele ya pazia, alikuwa mwalimu, karani, au mkulima mwenye mibuni mingi. Hasa baada ya chama cha ushirika, KNCU, kuanzishwa mwaka 1933, na fedha za kahawa kuanza kufika mikononi mwa wengi. Mara nyingi baba alikwenda peke yake. Mama alibaki kukata majani ya ng'ombe na kuteka maji mfongoni. Ndiyo sababu katika nyumba nyingi za zamani babu yuko ukutani na koti lake, na bibi hayupo, au yupo katika picha moja tu, naye amekwisha kuwa mzee sana, amepigwa na mjukuu aliyerudi likizo.

Basi kosa la kwanza la kuta zetu ni hili: huheshimu waliokuwa na nafasi ya kupigwa picha, na kuwasahau waliowapa nafasi hiyo. Koti la babu lilinunuliwa kwa kahawa, na nani aliyeichuma, akaimenya, akaiosha na kuianika? Si vema watoto wadhani ukoo ulijengwa na wenye picha peke yao.

Kosa la pili ni majivuno. Ziko kuta ambazo haziwaonyeshi watu, huonyesha vyeo. Kijana wa joho la chuo kikuu huwekwa katikati, katika fremu ya dhahabu. Arusi ya mjini yapata nafasi tatu. Yule aliyeacha shule darasa la saba, akabaki kuwatunza wazazi, akawaogesha katika ugonjwa wao na kuwafunga macho walipokufa, hana hata picha moja, maana hakuna siku aliyovishwa joho. Hatusemi picha za mahafali zisitundikwe. Furaha ya wazazi ni halali, na ada za shule hulipwa kwa jasho. Lakini ukuta wenye vyeti tu humfundisha mtoto kwamba mtu hupendwa kwa kipimo cha kufaulu kwake. Na mtoto asiyefaulu husoma hayo vizuri sana, ijapokuwa hakufaulu kusoma vitabu.

Kosa la tatu ndilo gumu kuliko yote, nalo ni kufuta. Binti amezaa nyumbani kabla ya ndoa, picha yake ya kipaimara yateremshwa. Ndugu amekufa kwa ugonjwa ambao watu waliona haya kuutaja, na baada ya matanga ile picha iliyotangulia mbele ya jeneza pamoja na msalaba haikurudi ukutani. Mwana amefungwa gerezani, au amezama katika pombe, basi jamaa huikata picha ya wote kwa mkasi, na bega lake labaki kando ya ndugu yake, bega lisilo na mtu. Na liko jambo la zamani zaidi. Katika miaka ya kwanza, misheni nyingi za Afrika Mashariki zilimtaka mwanamume mwenye wake wengi abaki na mmoja ndipo abatizwe. Hatutaki leo kuwahukumu waliotangulia juu ya shauri hilo. Lakini twajua lilivyokuwa nyumbani. Mke mmoja alisimama pichani na mumewe, na mwingine akaenda zake, au akakaa upande wa pili wa kihamba. Watoto wa huyu na wa yule ni damu moja, hukutana kwenye mazishi, hugawana mpaka wa masale. Lakini ukutani wa upande mmoja tu ndio waliozaliwa.

Mtu atajibu: Je, mwataka tuiheshimu dhambi? Tukiweka sura ya mlevi karibu na ya mchungaji, watoto watajifunza nini? Jawabu letu twalitoa katika mlango wa kwanza wa Injili ya Mathayo. Kule imeandikwa orodha ya ukoo wa Bwana wetu, nayo ni orodha ambayo wengi huiruka wakisoma, kwa sababu ya majina mengi. Lakini tuitazame kama ukuta. Wamo wafalme wema na wafalme waovu. Wamo wanawake, jambo lisilo la kawaida katika orodha za namna ile: Tamari, ambaye habari yake na mkwewe ni ya aibu, Rahabu wa Yeriko, Ruthu mgeni wa Moabu, na yule mke wa Uria, anayetajwa kwa jina la mume aliyedhulumiwa, ili dhambi ya Daudi isifichike. Mwandishi angeweza kuwaacha. Hakuwaacha. Wala hakusema kwamba waliyotenda wao au waliyotendewa yalikuwa mema. Aliwaandika kwa kuwa walikuwa wa ukoo. Basi kumtaja mtu si kumsifu. Mlevi awekapo ukutani haitwi mfano mwema, aitwa ndugu.

Mwingine atajibu kwa upole zaidi, na jawabu lake lina nguvu. Atasema: Amani ya nyumba ni bora kuliko picha. Mke niliye naye sasa hawezi kula chakula chini ya macho ya yule wa kwanza. Neno hili ni kweli, nasi hatupendi kumtwika mama wa nyumba mzigo wa kila siku kwa ajili ya kanuni. Lakini nyumba ina kuta nyingi. Chumba cha wageni si sawa na chumba cha watoto, na liko sanduku, na iko albamu. Mtoto wa mke wa kwanza, awe mama yake amefariki au ameachwa, ana haki ya kuwa na sura ya mama yake mahali alalapo, wala asilazimishwe kuificha chini ya godoro kama kitu cha kuibwa. Mama mpya mwenye busara aweza kumwekea yeye mwenyewe ile picha kwa mkono wake. Atakayefanya hivyo hatapungukiwa na kitu. Tena atakuwa amempata mtoto.

Yuko na wa tatu ambaye hatuna budi kumsikia kwa unyenyekevu. Ni yule aliyeumizwa na mtu wa pichani. Binti aliyepigwa na kutendewa mabaya na mjomba wake, mwanamke aliyevunjwa mkono na mumewe, hawa wasiambiwe kwamba ukoo ni ukoo na sura ile ibaki mbele yao. Kuiondoa picha ili mtu apate kupumua ni kujilinda, na wazee wanaomzuia huongeza dhuluma juu ya dhuluma. Hapa twaona tofauti kati ya kuondoa na kufuta. Anayeondoa ajua kwa nini ameondoa, na mtoto akimwuliza kwa umri ufaao atamjibu kweli. Anayefuta ataka pasiwe na swali. Mara nyingi wanaofutwa si wale waliotudhuru, ni wale waliotuaibisha mbele ya majirani. Hebu kila mtu ajipime hapo.

Tena mlimani liko jambo lifanyalo shauri hili kuwa zito kuliko mahali pengine. Kwa desturi ya Wachaga kitinda mimba ndiye hubaki katika nyumba ya wazazi na kuirithi. Basi ukuta wenye picha za wazazi na za ndugu wote huangukia mikononi mwa mmoja, naye ndiye mdogo wao. Misumari ni yake, nyumba ni yake; lakini sura zile je, ni mali yake? Sisi twasema ni amana. Amewekewa kwa niaba ya wote. Dada aliyeolewa Marangu au Mwika, akija Desemba na wanawe, huingia ndani, husalimu, kisha macho yake huinuka ukutani kabla hajaketi. Ajitafuta. Akikuta mahali pake pamewekwa saa ya ukutani au picha ya gari, hakuna aliyemwambia neno, naye amekwisha kuambiwa. Magomvi mengi ya vihamba yalianza kwa maneno madogo ya namna hii yasiyosemwa. Kwa hiyo kitinda mimba asibadili ukuta wa wazazi bila kuwauliza ndugu zake, kama asivyoweza kung'oa masale ya mpakani peke yake.

Tukikubali haya, hata kazi yenyewe ya kutundika itakuwa na taratibu yake, nasi twapenda kuitaja kwa kifupi, maana nia njema bila ufundi huharibu picha.

Kabla ya kupiga msumari, zipangeni picha zote sakafuni, au kata karatasi za gazeti kwa kipimo cha kila fremu na kuzibandika ukutani kwa gundi hafifu, mpate kuona mpango mzima. Waiteni wazee na watoto watazame. Ulizeni maswali matatu: Nani yupo? Nani hayupo? Na mtoto akituuliza habari za mmoja wao, tutamjibu nini? Ikiwa kwa mtu fulani hatuna jibu ila kunyamaza, tuongee habari yake kwanza, nyundo ingoje. Aliye hai aulizwe ni picha gani ya kwake aipendayo. Mgonjwa asionyeshwe katika udhaifu wake bila ridhaa yake.

Katikati ya picha pawe karibu sentimeta 150 toka sakafuni, ndipo macho ya mtu mzima huona bila kuinua shingo. Watu wengi huzitundika juu sana, karibu na dari, kama kwamba zaogopa kuibiwa. Na ziwepo chache chini zaidi, mtoto apate kuzitazama mwenyewe. Wazee kuwekwa juu na watoto chini ni adabu njema, nasi hatuigombi. Lakini ndugu wa tumbo moja wawe katika mstari mmoja, mwenye cheo na asiye nacho.

Jua ni adui wa picha. Hufifiza rangi, hasa ukuta unaoelekea dirisha. Moshi wa jikoni huzitia weusi. Na unyevu wa mlimani wakati wa mvua za masika huotesha ukungu, kwa hiyo msitundike penye ukuta unaovuja, wala picha isigusane na kioo, maana hunata na kubanduka uso. Wekeni karatasi nene yenye tundu katikati yao. Ile picha ya kale iliyo moja tu duniani, itoeni nakala. Nakala iwe ukutani, na yenyewe ihifadhiwe mahali pakavu penye giza.

Siku hizi kila kijana ana picha elfu katika simu yake, na ukuta wake mtupu. Simu ikianguka mfongoni, ukoo wote umezama. Basi chagueni chache kila mwaka, zipigwe chapa katika karatasi.

Na wale wasio na picha tufanyeje? Wako bibi ambao hakuna kamera iliyopata kuwaona. Wako watoto waliokufa wachanga. Kwa hawa twashauri fremu ya jina. Andikeni kwa mwandiko mzuri jina la mtu, mahali alipozaliwa, mwaka wake, na kazi aliyoijua: kwamba alikuwa mpika mbege mashuhuri, au mzalishaji wa kijiji, au aliyeimba sauti ya pili kanisani. Miaka mara nyingi hupatikana katika vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi vya usharika, na mchungaji akiombwa kwa adabu atawasaidia kuitafuta. Fremu hiyo itundikwe kati ya picha, kwa kipimo kile kile, si pembeni. Mtoto atauliza: huyu mbona hana uso? Nanyi mtapata nafasi ya kusimulia kwamba uso wake ulikuwa kama wa shangazi yenu, na kwamba alipanda ile migomba inayowalisha.

Neno letu la mwisho ni kwa wainjilisti na walimu wa kipaimara, kwa kuwa wao huingia katika nyumba nyingi kuliko mtu mwingine yeyote. Mkiketi penye chumba cha wageni, msiusifu ukuta tu na kunywa chai. Ombeni kijana wa nyumba awaonyeshe picha mmoja mmoja na kuwataja kwa majina. Asipojua, mzee wa nyumba amfundishe pale pale. Kisha geuzeni picha, na nyuma yake kijana aandike kwa kalamu ya risasi, wala si kwa wino unaopenya karatasi: jina, mwaka, mahali, na jamaa yake kwetu. Kazi hii ni ya mchana mmoja, na wazee wawezao kuitimiza hupungua kila mwaka. Wazee wetu wa picha za Leipzig walibaki bila majina kwa sababu aliyezishika hakuwauliza. Sisi tunaozishika za kwetu, wenye majina wangaliko, twaweza kuwauliza leo.